Mwanangu Wanayemwita Mama Bado

Chuoni wanamwita Mama Bado. Wanafunzi wake ndio waliompa jina hilo wakidhani halijui, kumbe alilijua tangu mwanzo na akalipenda. Mwanafunzi anaingia na furaha zake, amepanga kubeba masomo yote kwa mpigo amalize kabla ya wenzake. Mwanangu anatazama, anavua miwani, anasema, "Bado." Mwingine anataka apelekwe hospitali akasikilize wagonjwa, na darasani hawezi kumsikiliza mwenzake bila kumkata kauli. "Bado." Kisha anavaa miwani na kueleza sababu taratibu, mpaka yule mtu anatoka mlangoni amenuna, lakini anajua aanze na lipi.

Watu wa mtaani kwetu hudhani anatibu wendawazimu. Muuza mkaa wa pale kona aliniuliza siku moja kama binti yangu haogopi kung'atwa. Nikamwambia mpaka sasa hajang'atwa na mtu, ila wewe bado hatujakupeleka kwake. Halafu nikamweleza, maana kuuliza si ujinga. Kuna watu wanaosomea ushauri nasaha, kazi ya kukaa na waliolemewa na mawazo, wenye hofu, wenye huzuni isiyotoka, waliokimbiwa na usingizi. Mwanangu ndiye anayewashauri wanafunzi hao: wasome lipi kwanza na lipi baadaye, nani yuko tayari kwenda mazoezini kwa watu wenye shida za kweli, nani angoje. Yeye ni mshauri wa washauri. Na mimi ninamshauri yeye, atake asitake. Cheo changu hesabuni wenyewe.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule za nusu ya mji huu, na kuandika nilijifunza nikiwa tayari naitwa bibi, kwa hiyo naandika polepole. Lakini naandika, na hakuna anayenishikia kalamu.

Mwanangu alianza kama mwalimu wa darasa la kwanza. Huko ndiko alikopata lile jicho lake. Alinisimulia juu ya mtoto mmoja aliyekuwa akisoma ukurasa mzima bila kosa, wageni wakija anasimamishwa mbele asome, wote wanapiga makofi. Siku moja mwanangu akakigeuza kile kitabu juu chini. Mtoto akaendelea kusoma vilevile, maskini, sauti juu, kidole kikifuata mstari. Walimu wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alikaa na yule mtoto wakaanza upya kwenye herufi ya kwanza, na mama wa mtoto akaja shuleni na mwavuli mkononi kutaka kumpiga. Baadaye akarudi chuo akasomea ushauri nasaha, akafanya kazi hospitali, mpaka chuo hicho hicho kikamwita kikampa ofisi. Kwa hiyo watu wanaposema mwanangu amekuwa mgumu kwa sababu ya cheo, wanakosea. Alikuwa mgumu tangu hana kitu. Huo ugumu ameutoa kwangu, na sijuti.

Sasa nataka kusimulia juu ya Sajini, kwa sababu hapo ndipo utakapomjua mwanangu ni mtu gani. Haya ninayoyaandika, mwanangu hajaniambia hata moja. Ya ofisini ni Sajini mwenyewe aliyenisimulia, na nimemsomea yote. Akasema niache yalivyo, ila neno moja akaniomba nilifute, nami nimelifuta.

Sajini ni mpangaji wangu wa chumba cha uani. Alikuwa askari jela mpaka akastaafu, na mtaa ukampa jina kutokana na viatu vyake, maana vilikuwa vinang'aa hata akienda kuchota maji. Mkewe alikufa zamani. Mtu mtaratibu, hana kelele. Alfajiri utamsikia anafagia uwanja, na hakuna aliyemwambia afagie. Baada ya kustaafu alikaa barazani wiki kadhaa akitazama lango langu kama vile bado analilinda. Nikamuuliza, "Unamngoja nani atoroke?"

Akacheka. Akasema, "Mama, kule kazini watu walikuwa wanakuja kwenye nondo wananiambia mambo yao. Mtu ameua, mtu amefiwa na mtoto yeye yuko ndani. Mimi nilikuwa na ufunguo tu. Sikuwa na jambo la kumwambia."

Nikamwambia, "Basi nenda kasome. Masikio unayo, makubwa."

Kwa hiyo wa kumpeleka chuoni ni mimi. Nilitangaza mpaka kwa muuza mkaa kwamba mpangaji wangu atakuwa mshauri nasaha hospitalini, kwenye wodi ile wanayoletwa wafungwa wagonjwa. Nikamshonea na mashati mawili ya mikono mirefu. Mwanangu alipojua, alikwenda kwa mkuu wa idara kumwambia kwamba mwanafunzi huyu anaishi nyumbani kwao, atafutiwe mshauri mwingine wa masomo. Mkuu akamwambia, "Mwingine yupi? Uko peke yako." Ndipo mwanangu akaweka sheria nyumbani: habari za chuo zinaishia langoni. Chuoni Sajini anamwita Mwalimu, nyumbani anamwita Dada, na mtu akichanganya anyamaze aanze upya.

Darasani Sajini alishika nafasi ya kwanza. Mtu aliyezoea kanuni, ukimpa kitabu atakimeza na gamba lake. Mazoezi akawa anafanyia kwangu.

"Sajini," nilimwambia jioni moja, "taa ya jikoni imeungua."

"Nakusikia unasema jikoni kuna giza."

"Ndiyo nilichosema."

"Na hilo giza linakusumbua, Mama."

"Linanisumbua kwa sababu ngazi iko chumbani kwako."

Alikwenda kuleta ngazi, lakini alipokuwa juu yake akiifungua ile taa aliniuliza nilijisikiaje. Nikamwambia nilijisikia kuvuta ngazi.

Hapo kuna jambo la masomo yao ambalo lazima nilieleze. Kabla mwanafunzi hajaenda mazoezini kukaa na watu, sharti kwanza yeye mwenyewe akae kwenye kiti cha mteja. Anakwenda kwa mshauri nasaha wa nje, asiyefundisha chuoni, anakaa naye saa kadhaa kwa miezi kadhaa, anasema yake. Anasema nini, chuo hakiulizi. Yule mshauri hugonga muhuri tu kwenye kadi kwamba amefika. Mwishowe mwanafunzi anakwenda kwa mwanangu na kadi iliyojaa, na mwanangu anamuuliza swali moja: ilikuwaje kukaa kile kiti? Akiridhika, anatia sahihi, mtu anakwenda hospitali.

Kadi ya Sajini ilijaa mapema kuliko za wote. Akanionyesha mihuri yake, imepangana kama askari gwarideni. Akavaa shati langu, akaenda kwa Mwalimu wake kutiwa sahihi, kwani nafasi ya ile wodi ya wafungwa ilikuwa moja tu muhula huo na hospitali yenyewe ilikuwa imemtaja yeye.

Alirudi mchana, akapita uani bila kusalimu. Nilimfuata mpaka mlangoni kwake.

"Vipi?"

"Bado," akasema.

"Bado nini? Hajafika ofisini?"

"Amefika, Mama. Amesema bado."

Mtu wa kwanza darasani! Kadi imejaa! Jioni mwanangu aliporudi nilimngoja sebuleni nimesimama, na mimi siku hizi sisimami ovyo, magoti yananidai. "Umemfanya nini Sajini?" Akavua viatu, akavipanga chini ya meza, akasema, "Mama, langoni." Yaani habari zimeishia langoni. Nikamwambia lango ni langu. Akasema, "Na kazi ni yangu," akaenda kuoga.

Kesho yake nilijifunga nguo ya kutokea, nikaenda chuoni mwenyewe.

Ofisi yake iko mwisho wa korido iliyopakwa rangi ya kijani nusu ya ukuta, juu nyeupe. Mlango wa kioo umebandikwa karatasi ya kaki watu wasichungulie. Nje kuna benchi, na kwenye benchi walikuwa wamekaa vijana watatu, kila mmoja na faili lake mapajani.

"Mimi leo nimekuja na hoja tatu," alisema mmoja.

"Njoo na kumi. Jibu lake ni moja."

"Amevaa miwani au amevua?"

"Nimechungulia alipofungua mlango. Amevua."

"Basi mimi narudi kesho."

Nikawauliza, "Kwani huyo mwalimu wenu ni mkali?"

Binti mmoja akageuka akaniambia, "Bibi, angekuwa mkali tungejua pa kumchukia. Huyu anakuuliza swali, unarudi nalo nyumbani, unalala nalo. Nilimwambia nataka kusomea kazi hii kwa sababu napenda kusaidia watu. Akaniuliza, 'Na wasipokushukuru?' Mpaka leo nimekaa na hilo swali kama mgeni asiyeaga."

"Bibi na wewe unakuja kusomea ushauri?" aliuliza mwenzake, yule mwenye hoja tatu.

"Nakuja kumshauri yeye."

Walicheka mpaka karani akatoa kichwa dirishani. Mlango ukafunguka, mwanangu akaniona. Hakushtuka. Aliwaomba radhi wale vijana, akanikaribisha ndani.

Mle ndani mna viti viwili, cha mgeni na cha mwenyeji, havikuwekwa uso kwa uso, vimeelekezwa upande kidogo kama watu wanaotazama jambo moja mbali. Saa ya ukutani imetundikwa nyuma ya kichwa cha anayekuja, ili mwenyeji aione bila kugeuza shingo. Mezani boksi la karatasi laini za kujifuta machozi. Alishawahi kunieleza juu ya hilo boksi: mwanafunzi mgeni wa kazi, mteja akianza kulia, humkimbilia na karatasi, na mteja hukauka hapo hapo, maana ni kama ameambiwa jifute, inatosha. Wanafundishwa kuliacha boksi karibu na kutuliza mikono yao.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya Sajini."

"Keti. Siwezi kuzungumza nawe habari za mwanafunzi."

"Ni mpangaji wangu."

"Huku ni mwanafunzi."

"Kadi yake imejaa mihuri. Nimeiona kwa macho yangu haya."

"Ndiyo, imejaa."

"Basi?"

Akanyamaza. Kuna kimya cha mtu aliyekosa jibu, na kuna kimya cha mtu anayekungoja ufike mwenyewe. Hiki kilikuwa cha pili, tena analipwa mshahara kwa ajili yake. Nami nikanyamaza. Mimi niliishi na marehemu baba yake, mtu aliyeweza kununa kuanzia mfungo hadi mfunguo, kwa hiyo kimya hakinitishi. Tulikaa hivyo, yeye akinitazama kwa upole, mimi nikitazama ukuta. Nje benchi lilikuwa likilia lia.

Mwishowe akasema, "Mama, kuna watu wananingoja."

"Sawa," nikasema nikisimama, "lakini umeanza wewe kusema."

Alicheka, na mimi sikucheka mpaka nilipofika kwenye ngazi. Pale kwenye ngazi nilipishana na mkuu wa idara, mzee mnene anayetembea akihema. Alinijua, akanishika mkono, akanilalamikia mimi kana kwamba mwanangu ni mbuzi wangu aliyekula mboga zake. "Mama, mzungumzishe binti yako. Hospitali inamtaka yule bwana. Nimemwambia kadi imekamilika. Unajua amenijibuje? 'Kadi imekamilika, mwenyewe hajakamilika.' Sababu hasemi!"

Nikamwambia, "Kama hakukuambia wewe bosi wake, ataniambia mimi niliyemzaa tu?" Nikateremka. Sikupenda jinsi alivyosema "binti yako". Kumgombeza mwanangu ni kazi yangu, sijaajiri msaidizi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Sajini anaanua nguo kwenye kamba, anazikunja kwenye sanduku. Mashati yangu mawili yalikuwa juu kabisa.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa dada yangu. Ana shamba, anatafuta mlinzi."

"Umesoma vitabu vyote hivyo ukalinde mahindi?"

"Mahindi hayana maswali, Mama."

"Mwanangu amekuonea, na mimi sitakubali. Nimetoka kwake sasa hivi. Nitarudi kesho, na kesho kutwa nitarudi."

Akaacha kukunja. Akakaa juu ya sanduku, likalia chini yake. "Mama, acha kumgombeza Mwalimu. Hakunionea. Mimi ndiye niliyemdanganya."

Ndipo aliponieleza. Alipokwenda kwa yule mshauri wa nje kukaa kiti cha mteja, alijiuliza atasema nini. Yake mwenyewe hakutaka kuyagusa. Basi akachukua kisa kutoka kwenye karatasi za mazoezi wanazopewa darasani, zile zenye visa vya kubuni vya kujifunzia. Akachagua kimoja kizuri: mtu aliyefiwa na ndugu yake mdogo mtoni, na tangu siku ile hawezi kuanua nguo, kwa sababu shati la njano la marehemu lilibaki kwenye kamba. Akakikariri. Akakisema kwa yule mshauri saa baada ya saa, akaongeza machozi mahali pake, akapona polepole kama kitabu kinavyotaka, mpaka kadi ikajaa.

"Kisha Mwalimu akaniuliza ilikuwaje kukaa kile kiti. Hakuniuliza nilisema nini, Mama. Mimi mwenyewe kiherehere, nikamwambia ilikuwa vigumu sana kuzungumza juu ya ndugu yangu aliyezama. Nikamweleza mpaka lile shati."

"Akasemaje?"

"Akavua miwani. Akasema, 'Ile rangi niliifikiria sana. Kwanza niliandika bluu.'"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Kile kisa mwanangu alikitunga mwenyewe, miaka ya nyuma, cha kufundishia; karatasi zile hazina jina la mwandishi. Nilicheka, sitaficha. Nilicheka mpaka nikashika kamba ya nguo. "Umempelekea mpishi chungu chake mwenyewe, ukamwambia onja nilivyopika!"

Sajini naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa. Nikamuuliza, "Una ndugu lakini?"

"Wa kiume sina. Nina dada wanne, na wote wanaogelea."

"Sasa kwa nini?"

"Nilidhani ni mtihani, Mama. Gerezani kuna bodi ya msamaha. Mfungwa akikaribia kuitwa, anatafuta hadithi ya kujuta, anaikariri, wenzake wanamsahihisha. Anayeisema vizuri anatoka. Nimeona hivyo maisha yangu yote ya kazi. Nilipoona kiti na mtu wa kugonga muhuri, nikajua la kufanya. Nikamwambia Mwalimu hivyo hivyo. Akaniuliza, 'Wale waliokariri ulikuwa unawajuaje?' Nikamwambia hawakwami. Mtu anayesema lake hukwama. Akasema, 'Na wewe hukukwama.'"

Nikamuuliza Mwalimu alimwambia nini mwishoni.

"Amesema mihuri ile haihesabiki, nianze upya. Nafasi ya wodi haitaningoja, atapewa mwingine. Amesema hataki kujua nitasema nini mle, lakini mtu wa hospitali atakuja kwangu na lake la kweli, na mimi nitamtafutia ukurasa wake kwenye kitabu. Mama, mimi si kijana. Nikingoja tena, na kama nitashindwa tena? Kila mtu mtaani anajua naenda hospitali."

Hilo la mtaa lilikuwa langu, nalo likanichoma. Lakini nilichomwambia ni hiki: "Mficha uchi hazai. Kama unaondoka, ondoka. Ila usiondoke mwenye kazi yake hayupo. Mngoje Dada yako arudi, umuage kwa mdomo wako." Akakubali. Akaketi barazani, sanduku miguuni.

Mwanangu alirudi jua likiwa limeshuka, mkoba begani, miguu imevimba. Alilikuta sanduku katikati ya njia. Nikamtazama usoni. Nilidhani atamwomba abaki, na kusema kweli nilitaka amwombe, hata neno moja. Alilipita sanduku kwa kuinua mguu, akasema, "Shikamoo, Mama. Kaka, hilo sanduku mtu ataanguka hapo," akaingia ndani.

Nikasema moyoni, mwanangu una roho ya chuma. Lakini Sajini alikaa kidogo, akainuka, akalibeba sanduku mpaka chumbani kwake, nikasikia anafungua makufuli yake na kutoa nguo. Nilipomuuliza kesho yake akaniambia, "Hakunishika mkono, Mama. Mfungwa ndiye anayeshikwa mkono. Mimi aliniacha nichague."

Nafasi ya wodi alipewa yule binti wa benchini, yule mwenye mgeni asiyeaga. Mtaani niliulizwa. Muuza mkaa, mdomo wake haulali: "Daktari wako wa jela vipi, bado anafagia?" Nikamjibu, "Anafagia, na akimaliza kwangu nitamleta akufagie ulimi." Sikumweleza zaidi. Mtu wa nyumba yangu hatetewi kwa muuza mkaa.

Sajini akarudi kwa yule mshauri wa nje, akamwambia ukweli kwamba yote aliyomwambia yalikuwa ya kitabuni. Kisha akakaa mle saa nzima asiweze kusema kitu. Aliporudi aliniambia hivyo: "Leo nimekaa tu." Wiki iliyofuata akakaa tena. Baadaye, siku moja, alirudi akaingia chumbani akafunga mlango, na alfajiri yake uwanja haukufagiwa. Nikaufagia mimi, kwa magoti yangu haya, na sikumuuliza. Siku nyingine macho yalikuwa mekundu, viatu vina vumbi, nikamfunikia chakula nikakiweka kizingitini. Alichokuwa akikisema mle ndani sikijui. Najua tu kwamba alikonda kidogo, halafu akanenepa, na aliacha kuniuliza nilijisikiaje. Nikilalamika sasa alikuwa ananyamaza, ananisikiliza, na mara mbili nilijikuta nimemweleza mambo ambayo sikukusudia kumweleza mtu. Nilikasirika sana baadaye.

Kadi ikajaa tena. Akarudi ofisini. Mwanangu akamuuliza swali lake lile lile, ilikuwaje kukaa kile kiti. Sajini aliniambia, "Nilifungua mdomo, Mama, nikakwama. Nikaanza tena, nikakwama. Nikamwambia sijui. Mwalimu akachukua kalamu."

Lakini usidhani mwanangu ni mtu wa kukupa ulichotaka. Muhula mpya ulikuwa na nafasi tena kwenye wodi ya wafungwa, na mkuu wa idara akaja mbio, haya sasa, tumpeleke mtu wetu. Mwanangu akampeleka Sajini kliniki ya vijana, wanakoletwa watoto wa shule waliokata tamaa, waliojidhuru, wasiolala. Sajini alichukia. Hapo chuoni kwenye korido walisikika.

"Mwalimu, nimefanya kazi na wafungwa miaka thelathini!"

"Ndiyo maana."

"Wale vijana hawanijui, hata hawaniheshimu."

"Ndiyo maana."

"Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo. Utajifunza nini kwa watu wanaokupigia saluti?"

Akaenda. Nilimtazama asubuhi ile akivuka mtaa, amevaa makubazi ya ngozi. Viatu vyake vya kung'aa aliviacha, amesema vinatisha watoto. Mwanangu alikuwa dirishani nyuma yangu, chai mkononi. Nikamwambia, "Ataweza?" Akasema, "Mama, langoni." Lakini hakuondoka dirishani mpaka yule mtu alipokata kona.

Jioni tulikula pamoja, kwa sababu nilisema tutakula pamoja. Sajini alinawa, akaketi, akamega, akatafuna. Kisha akasema, hata hajaulizwa, "Leo nimeharibu."

Nikamtazama mwanangu. Aliweka kijiko chini. Niliona anapigana na sheria yake mwenyewe, midomo imekaza. Mwishowe akasema, kwa sauti ya dada wala si ya mwalimu, "Kesho asubuhi mwambie msimamizi wako pale kliniki. Mapema, kabla hajasikia kwa mwingine."

"Nimeshamwambia," alisema Sajini. "Nilimwambia palepale, kijana alipotoka tu. Nilikwama sana kusema, lakini nimemwambia. Amesema kesho nirudi, yule kijana ameuliza kama nitakuwepo."

Mwanangu alichukua kijiko chake akaendelea kula, tena alikula vizuri, kama mtu aliyetoka safari.

"Uliharibu nini?" nikauliza.

Wote wawili wakanitazama kwa heshima kubwa, na hakuna aliyejibu. Nyumba ni yangu, meza ni yangu, chakula nimepika mimi. Nikawaongezea mchuzi.